Nakaanga kahawa Mbale: nimlipe kijana wa mitandao, au niandike blogu mwenyewe?

Mama Kahawa (Mbale)

Asalaam aleikum, na habari zenu ndugu zangu wote.

Mimi ni mama wa Mbale. Nanunua kahawa ya arabika kwa wakulima wa upande wa Bududa na Sironko, naikaanga, naisaga na kuifungasha. Pakiti ya gramu 250 nauza 15,000/=. Alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, ninayo, mashine ndogo ya kukaangia ninayo, na kijana mmoja wa kunisaidia. Wanaonunua ni walimu wa IUIU, chuo kikuu cha Kiislamu hapa Mbale, hoteli moja, maduka mawili ya mjini na wageni wachache wanaopita kwenda kwenye maporomoko ya Sipi. Watu wetu wengi hapa ni wa chai, kwa hiyo soko la Mbale peke yake halinitoshi tena. Nataka wateja wa Kampala, wa Kenya, na hao wageni wanaopita mlangoni kwangu bila kujua kwamba nipo.

Kuna kijana ameniletea mpango. Nimlipe 600,000/= kila mwezi, aniendeshee Facebook, Instagram, TikTok na X. Ameniahidi wafuasi elfu kumi. Hiyo ni bei ya pakiti 40, kabla sijatoa pesa ya mkulima, ya umeme na ya mifuko. Binamu yangu naye anasema niachane naye, niandike blogu. Mimi naweza kuandika, niliwahi kufundisha. Lakini blogu nani anaisoma siku hizi? Na Facebook hapa kwetu haifunguki bila VPN, ile programu inayokupitisha kwenye mtandao wa nchi nyingine, sasa huyo kijana atamtangazia nani?

Naomba ushauri kwa mtu anayefanya biashara kweli, aliyeona pesa ikiingia kwa njia hii.

---

Kijana wa Namakwekwe (Mbale)

Mama, muulize swali moja tu: katika biashara anazoziendesha sasa, ipi mauzo yake yameongezeka, na akupe namba ya mwenye biashara umpigie. Akikuonyesha wafuasi badala ya mauzo, mshukuru, umpe chai, muagane.

---

Mshonaji wa Kiyembe (Kampala)

Dada yangu wa Mbale, wa aleikum salaam, na pole na kazi. Nimelifikiria swali lako tangu asubuhi. Nashona gomesi, zile gauni za heshima za kina mama wa Uganda, na kanzu karibu na Kiyembe, mtaa wa vitambaa, ghorofa ya tatu ya akedi, jengo la maduka ambalo hata mwenyeji hupotea humo. Hakuna mtu anayepita njiani akaniona. Kila mteja ananifikia kwa simu au kaletwa na mwenzake, na kodi ya chumba changu inatoka humo.

Huyo kijana usimlipe. Anakuuzia wafuasi nawe unatafuta wanunuzi. Tena haijui kahawa yako. Mteja akiuliza saa tatu usiku, "Hii imekaangwa lini?", yeye itabidi akupigie wewe kwanza ndipo amjibu, na mteja ameshalala. Ukitaka kumtumia, mlipe kwa kazi inayoonekana: aje siku moja akupigie picha nzuri za pakiti zako, mmalizane hapo hapo.

Sasa Facebook. Imefungwa tangu Januari 2021, wiki ile ya uchaguzi. Wengi wetu VPN tulishaizoea tangu 2018, ilipokuja kodi ya OTT, ya kutumia mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku. OTT iliondolewa Julai 2021, ikaja kodi ya asilimia 12 kwenye bando. Nakutajia haya kwa sababu yanagusa biashara yako moja kwa moja. Mtu wa Kampala akiingia Facebook kwa VPN, Facebook inamwona kama yuko Uholanzi au Marekani, kutegemea VPN yake imempitisha wapi. Ukilipia tangazo ukachagua liwafikie watu walioko Kampala, wengi wa watu hao hao hawatahesabiwa kuwa wako Kampala. Kwa mteja wa ndani ya Uganda, mimi silipii tangazo la Facebook hata shilingi moja. Ukurasa wangu ninao bado kwa sababu ndugu zetu wa London na Boston wanaufungua bila shida, na wao ndio wanaoagiza gomesi sita kwa mpigo kwa ajili ya kwanjula, sherehe ya kutambulisha mchumba, ya mdogo wao. Kama huna mteja wa nje, Facebook iache kwanza.

Duka lako lifanye WhatsApp. Pakua ile ya biashara, WhatsApp Business, ni ya bure. Jaza katalogi yako: picha ya kila pakiti, uzito, imesagwa au ni punje nzima, na BEI. Dada yangu, naandika kwa herufi kubwa kwa sababu jambo hili linaniumiza kuliko yote katika biashara zetu za mtandaoni. Mtu anaweka picha nzuri, chini anaandika "bei njoo inboksi". Mteja anajua maana yake: bei itatazama anavyoongea, anakaa wapi, kama ni mzungu au ni wa diaspora. Anapita. Nilipoanza kuandika bei kwenye kila kanzu, maswali yalipungua na oda zikaongezeka, kwa sababu anayeniandikia ameshaamua, anataka kujua tu kama kipo cha saizi yake.

Halafu tengeneza kiungo chako. Andika wa.me/ halafu namba yako ikianza na 256, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mbele. Mtu akikibofya anaangukia moja kwa moja kwenye mazungumzo na wewe. Kiungo hicho kiweke TikTok, Instagram na kwenye blogu, na kwenye stika ya pakiti uweke ile alama ya miraba ya kupiga picha kwa simu. Mteja akishaandika, mpe lebo: ameuliza, amelipa, parseli imetoka. Mimi bila lebo ningekuwa napeleka kanzu ya mtu wa Jinja kwa mtu wa Masaka.

Kuna jambo ambalo wafanyabiashara wengi hawalijui. Orodha ya matangazo ya WhatsApp inachukua watu 256, na ujumbe unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Stetasi nayo ni hivyo hivyo, asiyekuhifadhi haioni. Unaweza kuwa na namba mia mbili ukadhani umetangaza, kumbe umeongea na watu thelathini. Kwa hiyo mteja anapokuja kuchukua nguo namwomba aihifadhi namba yangu akiwa bado amesimama mbele yangu, na ninamtajia jina la kuandika, kwa sababu akiandika "Mama Kanzu" ataniona akitafuta "kanzu" mwaka kesho. Wewe mwambie aandike "Kahawa Mbale".

TikTok ndiko watu wasiokujua wanakokuona kwa mara ya kwanza. Huhitaji kucheza ngoma. Una kitu kizuri ambacho sisi washonaji hatuna: sauti. Zile punje zinapoanza kupasuka kwenye mashine, moshi unatoka, rangi inageuka, nyamaza kabisa uache simu irekodi. Sekunde 20 zinatosha, maana kila anayetazama ameilipia bando. Mwisho wa video sema mahali ulipo na kwamba bei iko kwenye katalogi. Video yangu iliyoniletea watu wengi haina hata nguo ndani yake. Inaanza kwenye paki ya zamani ya teksi, inapita njiani, inapanda ngazi mpaka mlangoni kwangu. Nilichoka kuelekeza watu kwa simu. Sasa nawatumia hiyo.

Blogu. Binamu yako amesema kweli, ila blogu usiitazamie kama stetasi. Stetasi inafutika baada ya saa 24. Video ya TikTok inachangamka siku chache inapoa. Ukurasa wa blogu unakaa pale pale, na mtu anayetafuta kwenye Google anaukuta hata miaka miwili baadaye. Hana haja ya kukufuata, wala ya akaunti, wala ya VPN, na maandishi hayamli bando. Mimi niliandika namna mtu anavyoweza kujipima kanzu mwenyewe nyumbani: utepe uanzie wapi begani, mkono upimwe ukiwa umekunjwa kidogo, urefu uishie kwenye kifundo cha mguu, na nini cha kufanya kama huna utepe ila una uzi na rula. Makala hiyo moja ndiyo inayofanya kazi kuliko zote. Mtu wa mbali ananiandikia vipimo vimekamilika, tunamaliza kwa dakika kumi jambo ambalo zamani lilichukua siku nzima ya kupigiana simu.

Kwa hiyo fungua WhatsApp yako, soma maswali ambayo wateja wamekuuliza mwaka huu, kila swali litengenezee makala. Nina hakika yamo haya: nitaipikaje bila mashine, kwa sufuria na chujio tu? Ikishasagwa inakaa muda gani? Kwa nini hii ni ghali kuliko ya kopo ya dukani? Hapo utaeleza kwamba sehemu kubwa ya kahawa ya Uganda ni robusta, kwamba arabika yako inatoka juu mlimani Elgon, kwamba unalipa mkulima bei fulani na inapungua uzito ikikaangwa. Ulikuwa mwalimu, utaeleza vizuri kuliko kampuni yoyote. Usiandike "sisi ni kampuni inayoongoza". Andika kama unavyomjibu mteja aliyesimama mlangoni. Blogger, huduma ya blogu ya Google, ni ya bure, anza nayo, baadaye ukipata pesa nunua anwani yako mwenyewe ulipie kwa mwaka.

La mwisho, namba za wateja ziandike kwenye daftari la karatasi. Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima siku tano. Aliyekuwa na namba alipiga simu akauza. Na chukua namba ya kupokelea malipo ya biashara ya MoMo ya MTN au ya Airtel, kwa sababu mteja anayelipa kabla hajakuona anataka kuona jina la biashara linatokea kwenye simu yake kabla hajabonyeza namba ya siri.

---

Spea za Busia

Nakubaliana na mama mshonaji isipokuwa Facebook. Mimi nauza spea za pikipiki Busia, upande wa Uganda, na nusu ya wateja wangu ni Wakenya. Kule Facebook iko wazi na makundi ya kuuza na kununua yamejaa watu. Nina laini ya Kenya, na hapa mpakani mtandao wao unanifikia, kwa hiyo sina haja hata ya VPN. Mama Kahawa amesema anataka Wakenya. Basi Facebook asiiache. Aingie kwenye makundi ya Bungoma, Kitale na Eldoret, aandike Kiswahili kizuri, aweke bei kwa shilingi za Kenya na aseme mzigo utachukuliwa wapi. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanaweka bei ya Uganda, Mkenya anaona "15,000" anashtuka anapita.

Blogu mimi sijaiona faida yake. Mtu aliyeharibikiwa klachi hasomi makala.

---

Mshonaji wa Kiyembe (Kampala)

Ndugu wa Busia, la bei kwa shilingi za Kenya umesema vizuri, na kwa Wakenya umenishinda, Facebook abaki nayo. Lakini yule wa klachi anatafuta kwenye Google "klachi ya Bajaj Boxer Busia bei". Ukiwa na ukurasa mmoja tu wenye orodha ya spea na bei zake, atakukuta wewe.

---

Mwenyeji wa Sipi (Kapchorwa)

Mimi natembeza wageni kwenye maporomoko ya Sipi na mashamba ya kahawa. Niongeze jambo moja ambalo hamjaligusa, ramani.

Wageni wangu karibu wote wanapita Mbale. Jioni kabla ya kupanda huku wanakaa hotelini na simu, wanatafuta kwenye Google mahali pa kula, pa kubadilisha pesa, pa kunywa kahawa nzuri. Hawajui TikTok yako. Wanafungua ramani wanatafuta neno "coffee" karibu nao. Kama haupo kwenye ramani, kwao haupo Mbale. Weka biashara yako kwenye Google, bila malipo. Watakuomba uthibitishe, mara nyingi kwa video: uonyeshe barabara, kibao chenye jina, mlango ukiufungua, mashine. Jina la kwenye kibao na la kwenye ramani yafanane kabisa. Halafu weka saa zako za kweli. Mgeni akifika saa mbili asubuhi akakuta umefunga na ramani ilisema uko wazi, ataandika hivyo, na maneno hayo yatabaki.

Kila mgeni anayenunua mwombe aandike maoni yake akiwa bado na kikombe mkononi. Akifika Entebbe ameshasahau.

Na kwa wageni hao mama usiogope kuandika makala mbili tatu kwa Kiingereza. Wanayouliza nayajua, maana mimi ndiye ninayeulizwa: imelimwa kijiji gani, kimo gani, imeoshwa au imekaushwa na ganda lake, mkulima analipwa kiasi gani, na kama wanaweza kuja kuona inavyokaangwa. Swali la mwisho lina pesa ndani yake. Mtu aliyeona mashine ikifanya kazi hanunui pakiti moja.

---

Karani wa Ushirika (Sironko)

Mama Kahawa, nafanya kazi kituo cha kuoshea kahawa. Kwenye picha kuwa makini na mambo mawili.

La kwanza, watoto. Wakati wa mavuno utawakuta shambani na wazazi wao, na picha ya mtoto ameshika kikapu cha buni nyekundu inapendeza sana machoni. Usiiweke. Wanunuzi wa nje wanaisoma kama utumikishwaji wa watoto, na hawatauliza kama ilikuwa likizo. Anayeumia ni mkulima mwenyewe, kijiji kizima kinatiwa doa.

La pili, ruhusa. Tuna sheria ya ulinzi wa data binafsi tangu 2019, na picha ya mtu inayomtambulisha imo humo. Mkulima mwombe kwa lugha anayoielewa, mwonyeshe picha itakapokwenda, na akikataa heshimu. Mimi nimeona wazee waliokubali kupigwa picha wakidhani ni ya ofisini, baadaye wanaikuta kwenye kalenda ya watu. Wanahisi wameuzwa. Picha ya mikono tu na buni inatosha, na mara nyingi ndiyo nzuri zaidi.

Kama una nafasi, mlete mkulima mmoja aonje kahawa yake ikiwa kikombeni. Wengi hawajawahi. Akikubali kuizungumzia mbele ya kamera kwa Kimasaba, lugha ya huku kwetu, weka maandishi ya Kiswahili chini yake. Video hiyo nitaisambaza mimi mwenyewe.

---

Mama Kahawa (Mbale)

Ndugu zangu, Mungu awalipe. Nimesoma yote mara mbili na nimemsomea mume wangu.

Kijana nimeshamjibu, nimemwambia aje Jumamosi anipigie picha, tumeelewana 50,000/= na amekubali bila kununa. Mwenyeji wa Sipi, kibao changu kimeandikwa jina moja na pakiti jingine, kwa hiyo kabla ya ramani naanza na kibao. Karani, ahsante sana kwa la watoto. Nilikuwa nazo picha hizo kwenye simu na nilikuwa nimezipenda. Zitabaki kwenye simu.

Makala ya kwanza nimeianza jana usiku, ya kupika kahawa kwa sufuria. Nilivyoanza kuandika niliona kuna mambo ninayafanya kila siku ambayo sijawahi kumweleza mteja, kama vile kuondoa sufuria motoni kabla maji hayajatokota tena.

Mama mshonaji, nakubali kuweka bei. Lakini kanzu yako bei yake inakaa. Kahawa mmeiona 2024 na 2025 ilivyopanda. Mkulima anaweza kunibadilishia bei wiki hii na wiki ijayo. Nikiandika 15,000 kwenye blogu na baada ya miezi miwili ni 18,000, mteja si ataniita mwongo?

---

Mshonaji wa Kiyembe (Kampala)

Dada, hata kitambaa kinapanda, dola ikipanda tu Kiyembe yote inajua.

Kwenye makala za blogu usiweke bei kabisa, weka kiungo cha katalogi. Bei ikae mahali pamoja tu, kwenye katalogi ya WhatsApp, ambako unaibadilisha kwa dakika moja. Na kwenye maelezo ya kila pakiti andika "bei ya Machi", mwezi ukiisha ubadilishe hata kama bei ni ile ile, mteja aone kwamba kuna mtu anayeangalia. Aliyeagiza kabla haijapanda muuzie kwa bei aliyoiona, umwambie wazi kwamba oda ijayo itakuwa mpya. Na ikishuka, washushie, tena uwatangazie kwenye stetasi siku hiyo hiyo.

Mimi nahitaji pakiti mbili za nusu kilo, punje nzima. Nitumie kiungo chako kikiwa tayari.